Bolti ya Mzee Dharsi

Idarusi hakuwa na leseni. Hakuwa na karakana, wala kile kibao cha "Fundi Silaha" kilichoning'inia mlangoni kwake kwa miaka kumi na tisa. Hakuwa na mke. Sabiha alizikwa yeye akiwa gerezani, na kaburi alioneshwa kwa kidole. Hakuwa na kucha ya gumba la kushoto. Hakuwa na jirani wa kumwachia ufunguo, hata ule wa banda la kuku. Na hakuwa na jibu la swali aliloulizwa mahakamani na Mzee Dharsi, mbele ya watu wote:

"Fundi, fidia sitaki. Niambie tu, bunduki yangu imekwenda wapi?"

Alichobaki nacho ni mikono. Ndiyo iliyomfanya Jumbe amwite.

ALHAMISI, SAA 10:15 ALASIRI

Chumba cha nyuma cha duka la kutengeneza mafriji, Usagara. Kompresa mbovu zimepangwa ukutani. Harufu ya gesi na solda. Katikati ya chumba, friza la kulala, jeupe, limeng'olewa mashine yake yote. Ndani ni tupu kama jeneza.

Watu wanne wamelizunguka.

"Nyumba iko Raskazone," alisema Jumbe. "Ya Bwana Rahimu, yule aliyekuwa akipeleka wageni mawindoni. Yuko Dar mpaka Jumapili. Mlinzi wake hakosi swala ya Ijumaa. Saa sita na nusu anatoka, saa saba na robo amerudi. Hapo katikati nyumba ni yetu."

"Ndani kuna nini?" aliuliza Semeni. Yeye ni dereva. Mwanamke wa Kidigo, mkavu, hacheki ovyo.

"Bunduki kumi na tano za kuwindia. Friza linameza sita. Tunaingia kama mafundi, tumekuja kurudisha friza la bosi. Tunatoka nalo, tumegundua bado bovu. Nani atauliza?"

"Sita zipi?" Huyu ni Hosea. Pandikizi la mtu wa Muheza, mkata makufuli, mikono kama miguu. "Mimi kwangu bunduki ni bunduki."

Jumbe alimgeukia Idarusi. "Ndiyo maana nimemleta shemeji."

Jumbe alikuwa mdogo wake Sabiha. Zamani alimletea Idarusi chakula cha mchana karakanani kila siku, akikaa juu ya ndoo na kumtazama akifanya kazi. Baadaye alimletea sabuni gerezani. Miaka minne, hakuruka mwezi. Mtu wa namna hiyo akikwambia njoo, huulizi mara mbili.

Idarusi alikohoa. "Mteja anataka za nini?"

"Za porini. Yuko Mkwaja anasubiri. Hataki za kupigia picha."

"Basi sikilizeni." Alinyanyua kiganja. "Bunduki ya bei ndogo si lazima iwe mbaya. Kiwanda kinapotaka kuuza rahisi, lazima kiokoe mahali. Kuna kinachookoa kwenye kitako. Kinakupa plastiki, inagonga kama ndoo, lakini mtutu wameufanyia kazi kwa subira. Hiyo chukua. Kingine kinakupa mbao ya kung'aa, nakshi, rangi ya fedha, kisha kinaokoa kwenye mtutu. Hiyo ikipata moto baada ya risasi tatu, ya nne inakwenda kwa jirani. Iache."

"Utajuaje?" aliuliza Hosea.

"Nafungua bolti." Aliona Semeni amekunja uso. "Kile chuma cha mkono kinachosukuma risasi ndani, kisha kinaifunga kwa nyuma. Nakivuta taratibu. Kama kinakwaruza, mashine ilikuwa na haraka. Natazama ndani ya mtutu kuelekea mwangani. Napitisha kidole mdomoni mwake. Ukingo ukiwa na jino hata dogo, risasi inatoka kichwa upande. Halafu nafunga na kusikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Mlango wa gari jipya na mlango wa gari bovu, hujui tofauti?"

"Mimi gari lenyewe sina, mzee."

Hata Semeni alitabasamu.

"Na za bei ya katikati?" aliuliza Jumbe.

"Hizo ndizo za kutafuta. Ya bei kubwa sana umelipia jina. Ya katikati umelipia chuma. Ila kuna wajanja wanafunga darubini ya bei mbaya juu ya bunduki ya ovyo. Mimi darubini siangalii."

Jumbe aligawa glovu. Jozi tatu.

"Na yake?" Semeni alimwonesha Idarusi kwa kidevu.

"Shemeji anasoma chuma kwa vidole. Ukimvika glovu umemfumba macho. Au vipi, shemeji?"

"Kweli," alisema Idarusi. Ilikuwa kweli.

"Halafu jambo moja," Jumbe aliongeza. "Ya mwisho kulia, kwenye rafu, ni lazima itoke. Mteja ameitaja. Hizo tano nyingine, chagua mwenyewe."

IJUMAA, SAA 6:41 MCHANA

Kirikuu, kigari chao cha mizigo, liliingia kinyumenyume hadi barazani. Jua lilikuwa utosini. Barabara yote ya Raskazone ilikuwa imenyamaza. Sauti ya khatibu ilisikika kutoka mbali, ikija na kukatika. Jumbe alibaki getini juu ya pikipiki, simu sikioni. Semeni hakuzima injini.

Hosea na Idarusi waliingia na friza.

Kufuli la chumba cha silaha lilikatwa kwa grinda ya betri kabla Idarusi hajamaliza kuvuta pumzi. Hosea alilipima kiganjani.

"Kufuli la dukani kwa Mpemba," alisema. "Tajiri mzima anafungia bunduki na hili?"

Idarusi alimpita. Alikwisha kuona rafu.

SAA 6:47

Zilisimama ukutani, kumi na tano, zikitazama dari. Kuta nyingine tatu zilijaa picha za mawindo kwenye fremu. Rahimu na nyati. Rahimu na dume la pofu. Rahimu na wageni wekundu kwa jua.

Alianza kushoto. Alivuta bolti, akatazama ndani kuelekea dirishani, akapapasa mdomo wa mtutu, akafunga. Ya kwanza: kitako cha plastiki, kilinda kifyatulio cha plastiki, lakini ndani ya mtutu mifereji ilizunguka safi kama imechorwa. "Weka." Ya pili ilikuwa na kutu nyuma, pale ambapo mvivu hafiki na kitambaa. "Acha." Ya tatu, ya Kicheki, ya bei ya katikati, imechakaa nje kwa kubebwa, ndani ni mpya. Bolti yake iliteleza kwa uzito wake mwenyewe. "Weka. Hii mwenyewe alikuwa mtu."

Kwa nusu dakika Idarusi alisahau kuwa ni mwizi.

"Na hii?" Hosea alishika moja ya rangi ya fedha, kitako kimechongwa kichwa cha simba.

"Pambo la harusi hilo. Rudisha."

"Mzee, inang'aa kama meno ya dhahabu!"

"Bolti inacheza ndani kama jino bovu. Rudisha."

Saa 6:55 tano zilikuwa ndani ya friza, zimefungwa kwenye mablanketi. Idarusi alifika mwisho wa rafu, kulia.

Mkono wake ulisimama hewani.

Mpini wa bolti ulikuwa na kichwa cha shaba. Kikubwa kuliko cha kiwandani, mviringo, kimechongwa kwa mkono. Alikijua. Alikichonga yeye, kutokana na koki ya zamani ya msikitini, kwa ajili ya mzee mmoja ambaye viungo vya vidole vilikuwa vimeanza kuvimba na alishindwa kushika kile kidogo.

Bunduki ya Mzee Dharsi. Iliyotoweka karakanani kwake miaka minane iliyopita, bila kufuli kuvunjwa, bila dirisha kuguswa. Iliyompeleka gerezani.

Aliigeuza. Juu, mahali pa namba, chuma kilikuwa kimesagwa kwa grinda. Kovu tupu. Aliivuta bolti ikatoka yote. Akaipindua. Chini yake, kwa herufi ndogo kama punje za mchele, namba ilikuwepo. Tarakimu sita. Alizijua kwa moyo. Mwendesha mashtaka alizisoma mara tatu.

Aliyesaga hakuwa fundi. Hakujua kuwa bunduki kama hii hupigwa namba mahali pawili.

"Mzee, umeona jini?" aliuliza Hosea.

Idarusi alikuwa ametazama juu ya rafu. Kulikuwa na picha. Rahimu amepiga goti kando ya nyati, bunduki imelala mapajani, kichwa cha shaba kinameta. Nyuma yake kuna mtu ameshika pembe ya nyati kwa mikono miwili, kinywa wazi, anacheka. Pembeni mtu ameandika kwa kalamu nyeupe: *Agosti 2018*.

Agosti 2018 Idarusi alikuwa akipasua kokoto gerezani. Na mwezi huo, kama kila mwezi, mcheka huyo alimletea sabuni.

"Nimeona shemeji," alisema.

Mtu aliyekaa juu ya ndoo kila mchana. Sahani iliingia, sahani ilitoka. Ufunguo ulining'inia msumarini juu ya ndoo ile ile.

Vitu vilijipanga vyenyewe kichwani mwake, kimoja baada ya kingine. Polisi walikuwa wametangaza uhakiki wa silaha mkoa mzima, kuanzia Jumatatu. Rahimu ana moja isiyo na karatasi. Lazima itoke, na lazima ikutwe na mtu. Nani bora kuliko mfungwa wa zamani wa bunduki ile ile? Alama za vidole vyake, jozi tatu za glovu kwa watu wanne. *Shemeji anasoma chuma kwa vidole.*

"Saa saba kasoro mbili," alisema Hosea. "Twende!"

Idarusi aliifunga bolti kwenye leso, akaitia mfukoni. Bunduki iliyobaki, isiyo na moyo, akailaza ndani ya friza. Alipogeuka kuitoa picha kwenye fremu, hakuona kuwa Hosea amechomeka kitu cha saba juu ya mablanketi, chenye kichwa cha simba.

SAA 7:02

"Ya mwisho kulia mmechukua?" Jumbe aliuliza getini. Hakuuliza juu ya zile tano.

"Tumechukua."

"Safi, shemeji. Panda mbele na Semeni. Hosea nyuma na mzigo. Pitieni njia ya baharini."

"Jana ulisema njia ya hospitali," alisema Semeni.

"Kuna foleni."

"Foleni? Saa hii ya swala?"

"Semeni, endesha gari." Jumbe alivaa helmeti. "Natangulia kusafisha njia."

Pikipiki ilikwenda upande wa pili.

SAA 7:05

Idarusi aliikunjua picha magotini. "Tazama."

"Naendesha."

"Tazama, mwanangu."

Semeni alitazama. Kirikuu liliyumba kidogo. Idarusi akamweleza kwa maneno machache: bunduki ya nani, namba wapi, sabuni ya nani. Semeni alipunguza mwendo.

"Wewe anataka ufungwe tena, nimeelewa," alisema. "Na mimi? Mimi nimemkosea nini?"

"Hujamkosea. Wizi lazima uwe na dereva."

Semeni alikata kona ghafla, akaingia kichochoro nyuma ya ukuta wa shule, akasimamisha gari. Akagonga kioo cha nyuma.

"Hosea! Shuka. Tumeuzwa."

"Nani kauza?"

"Jumbe."

Hosea alicheka. Halafu aliona nyuso zao, akaacha. "Maneno ya mzee huyu? Jumbe ndiye alinitoa mimi Muheza nikiwa nalala stendi! Shukeni nyie. Mzigo naufikisha mimi."

"Huna ufunguo," alisema Semeni, akauchomoa wa gari na kuutia kwenye sidiria. Alijifunga kanga kichwani, akatembea kuelekea barabara kubwa bila kukimbia. Bajaji ilisimama. Akapotea.

Idarusi alivaa kanzu na kofia alizokuja nazo kwenye mfuko. Ulikuwa mpango wa Jumbe mwenyewe: baada ya kazi, achanganyike na watu wanaotoka msikitini. "Hosea, mwanangu, njoo."

"Toka hapa!" Hosea alifungua friza, akachomoa ile ya fedha. "Basi hata moja! Siendi mikono mitupu!"

"Hiyo haina thamani. Haina hata risasi. Tupa!"

Gari la polisi lilitokea upande wa baharini. Walikuwa wamechoka kusubiri.

"Weka chini! Weka chini silaha!"

Hosea alikimbia. Mtu mwenye mwili mkubwa hukimbia kwa kelele. Alikuwa ameikumbatia kifuani kama mtoto, na jua lilipiga chuma chake mpaka macho yakauma.

"Itupe, Hosea! Itupe!"

Milio mitatu. Hosea alikaa chini taratibu, mgongo ukutani, kama anayepumzika. Shati lilibadilika rangi. Bunduki ilibaki mapajani. Simba alikuwa akitazama juu.

Watu walianza kumiminika kutoka msikitini, wengine wakikimbilia sauti, wengine wakiikimbia. Mzee mmoja wa kanzu nyeupe alikuwa miongoni mwao. Hakuna aliyemtazama mara mbili.

SAA 7:48

Simu ililia. *Shemeji Jumbe.*

"Shemeji! Uko salama? Nimesikia habari, moyo umenipasuka."

"Nipo."

"Uko wapi?"

"Nipo tu."

"Ile bunduki wameikuta haina bolti. Umeiweka wapi?"

"Nani amekwambia haina bolti, Jumbe? Hata saa haijapita."

Sauti upande wa pili ilibadilika. Sabuni yote ilitoka.

"Haya. Sikiliza. Itupe baharini. Bila kile kichwa cha shaba, bunduki ile ni chuma kisicho na jina. Utashikwa kwa wizi wa leo, utafungwa, utatoka. Ukiwapelekea bolti unajikaanga mwenyewe. Watasema mwizi yule yule, bunduki ile ile."

"Kwa nini, Jumbe?"

"Kwa nini! Wewe ulikuwa na duka. Ulikuwa na jina. Dada yangu alikupikia kwanza, mimi nikila kilichobaki chunguni, halafu mimi huyo huyo nikubebee sahani. Hukuwahi kuniambia kaa hapa nikufundishe. Hata siku moja."

Hilo lilikuwa kweli. Idarusi alilimeza.

"Sabiha ulimwambia nini?"

"Yaliyopita yaache."

"Ulimwambia nini, Jumbe?"

"Nilimwambia ni wewe. Aliniuliza mara ya mwisho hospitali, nikamwambia ni wewe. Umeridhika?"

Idarusi alikata simu. Alitoa laini, akaivunja vipande viwili.

SAA 8:30

Alikaa kwenye baraza la duka moja la vitabu vya dini, akanunua bahasha ya kaki, karatasi mbili na kalamu. Bahari ilikuwa mwendo wa dakika tano. Alihesabu hatua kichwani. Angefika, angerusha, mambo yangekwisha. Alama za vidole vyake zilikuwa juu ya bunduki sita. Wangekuja leo au kesho, na kifungo kingekuwa kimoja kifupi cha mzee mwizi. Jumbe hakudanganya katika hilo.

Alianza kuandika.

*Mzee Dharsi, shikamoo.*

*Mwaka 2017 uliniuliza swali mbele ya hakimu. Nimechelewa kulijibu. Bunduki yako ilikuwa Raskazone, katika chumba cha Bwana Rahimu. Humu nimetia bolti yake. Kichwa cha shaba utakijua kwa vidole vyako, na namba iko chini. Ilinganishe na leseni yako ya zamani. Nimetia na picha. Aliyepiga goti ndiye aliyeinunua. Anayecheka nyuma ndiye aliyeniibia ufunguo na kumuuzia. Anaitwa Jumbe, ni ndugu wa marehemu mke wangu. Wapelekee wakili na polisi kwa mkono wako, si kwa mkono wangu, maana wangu hauaminiki.*

*Usinitetee kwa jambo la leo. Leo niliingia nyumba ya mtu na kuchukua visivyo vyangu, na kijana mmoja amekufa ameshika bunduki mbovu niliyoshindwa kumwachisha. Leo mimi ni mwizi. Siku ile sikuwa.*

*Fundi wako, Idarusi.*

Alisoma mara mbili. Alirekebisha nukta moja, akaandika juu ya bahasha anwani ya Dar es Salaam, alikohamia Mzee Dharsi.

SAA 9:20

Posta haikuwa na watu. Nyuma ya dirisha alikaa mama mnene mwenye kitambulisho kifuani: Benedikta. Feni ilipeperusha karatasi zake, naye alizikandamiza kwa kiwiko bila kutazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naomba kutuma kwa rejesta. Dar es Salaam."

Mama aliipokea bahasha, mkono ukashuka kidogo. "Mh! Nzito hii. Umetia nini?"

"Jibu la mtu."

"Jibu gani zito hivi?"

"Lina miaka minane."

Benedikta alimtazama juu ya miwani. Kupitia mlango wa kioo, ng'ambo ya barabara, gari la polisi lilisimama polepole. Askari wawili walishuka, mmoja akitazama karatasi mkononi, kisha akitazama wazee wa kanzu mmoja mmoja.

"Hujaifunga vizuri," alisema Benedikta. "Itafunguka njiani."

"Nipe gundi."

Alipaka gundi taratibu, kona hadi kona, kama alivyokuwa akipaka mafuta ndani ya mtutu. Alikunja, akakandamiza kwa gumba lisilo na kucha, akahesabu mpaka ishirini. Benedikta alizungushia utepe mara mbili, akapiga muhuri, akachana stakabadhi. Mlango wa kioo ulifunguliwa, joto la nje likaingia pamoja na hatua za buti.

"Inaondoka leo?" aliuliza Idarusi bila kugeuka.

"Gari la saa kumi."

Benedikta aliitupa bahasha ndani ya gunia la Dar es Salaam. Ilitua kwa kishindo cha chuma. Akaufunga mdomo wa gunia kwa kamba, akaubana kwa muhuri wa risasi.